Bei ya Yuniti Moja ya Lazima

Kila muswada unaochapishwa ili kupelekwa katika Bunge la Kenya huja na maelezo ya aliyeuleta, na katika maelezo hayo hapakosi kauli moja ya fedha: kwamba sheria hii ikipita itasababisha, au haitasababisha, matumizi ya ziada ya fedha za umma. Kauli hiyo inahusu Hazina. Mfuko wa mzazi wa Majengo, Mombasa, ambaye mwanawe anasoma chuo kikuu cha umma haumo ndani yake. Kwa hivyo sheria inaweza kuagiza kwamba jambo fulani lifundishwe vyuoni, au lisifundishwe, na bado ikaandikwa kwamba haitagharimu kitu.

Hesabu zinazofuata zinajaribu kuujaza ule mstari usioandikwa. Dola ikiweka somo la lazima katika shahada, au ikiliondoa, ni saa ngapi na shilingi ngapi zinazohama, na zinatoka kwa nani kwenda kwa nani?

Kwanza vipimo. Yuniti, kama wanafunzi wenyewe wanavyoiita, ni somo moja linalofundishwa kwa muhula mmoja na kutahiniwa mwishoni. Yuniti ya lazima ni ile ambayo mwanafunzi hawezi kuhitimu bila kuipita, iwe anasomea uhandisi wa mitambo au uhasibu. Nitachukulia kwamba shahada ni ya miaka 4, mihula 2 kwa mwaka, yuniti 6 kwa muhula. Hiyo ni 48. Nitachukulia pia kwamba kila yuniti ina saa 3 kwa wiki kwa wiki 14, yaani saa 42. Shahada nzima basi ni saa 2,016 za mhadhara. Wapo wanaohesabu saa 45, na zipo fani zinazopita yuniti 50. Anayetaka abadilishe nambari hizo. Uwiano hautasogea sana.

Bei ndiyo ngumu zaidi kuichagua, kwa sababu inatofautiana kwa fani na kwa chuo. Nimeweka shilingi 150,000 kwa mwaka kama gharama kamili ya programu. Ni nambari ya mfano, haikutoka kwenye orodha ya chuo chochote. Kwa miaka 4 inakuwa shilingi 600,000. Ukigawa kwa 48, yuniti moja inasimama kwa shilingi 12,500.

Mtu aliyesoma chuo kikuu cha umma kabla ya 2023 ataiona nambari hiyo kuwa ya ajabu. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali alilipa karo ya masomo ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Kwa yuniti 12 za mwaka, ni kama shilingi 1,333 kwa moja. Lakini nambari hizi mbili hazipimi kitu kimoja. Zile 16,000 zilikuwa sehemu ya mwanafunzi tu, na serikali ilijaza mengine kwa ruzuku iliyokwenda moja kwa moja chuoni. Zile 12,500 ni gharama yote kabla haijagawanywa. Anayeziweka kando kwa kando bila kusema hivyo anafanya siasa.

Mgawanyo wenyewe uko hivi. Mfumo mpya wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023 uliachana na ruzuku ya jumla na kuwapanga wanafunzi kwa uwezo wa familia. Baadaye yakawa makundi 5. Kundi la kwanza, la wahitaji zaidi, hupata ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, na familia hulipa asilimia 5. Kundi la tano hupata ufadhili wa asilimia 30 na mkopo wa asilimia 30, na familia hubeba asilimia 40. Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 kwamba mfumo huo unakiuka Katiba, serikali ikakata rufaa, na vyuo vikaendelea kutoza.

Tia yuniti yetu ya shilingi 12,500 ndani ya mgawanyo huo. Familia ya kundi la kwanza inalipa shilingi 625, na mkopo ni shilingi 3,125. Familia ya kundi la tano inalipa shilingi 5,000, na mkopo ni shilingi 3,750. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, kwa hivyo yuniti hiyo moja inazaa shilingi 125 za riba kwa mwaka kwa yule maskini na shilingi 150 kwa mwenzake. Somo ni lile lile, benchi ni lile lile, na tofauti mfukoni ni mara 8. Hakuna sheria ya masomo iliyokusudia hivyo. Ndivyo inavyotokea agizo la aina moja kwa wote linapopita katika bomba la malipo lenye vipenyo vitano.

Na 625 si mwisho wa hesabu kwa familia ya kundi la kwanza. Kutoka Majengo hadi Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa (TUM), kule Tudor, ni mwendo wa miguu, kwa hivyo nauli tuiache. Karatasi haziachiki. Katika maduka madogo ya kutoa kopi huku mitaani, kati ya kinyozi na muuza mahamri, utakuta vijitabu vya yuniti za lazima vimepangwa ukutani tayari, vimebaindiwa kwa waya wa plastiki na jalada la rangi, kwa sababu mwenye duka anajua kila Septemba wataingia wengine wanaotaka kile kile. Chukua kijitabu cha kurasa 96. Kwa shilingi 5 kwa ukurasa ni 480, na kubaindi 100. Jumla ni shilingi 580. Kwa familia ile, kijitabu peke yake kinakaribia sehemu yake yote ya karo ya yuniti: asilimia 93 ya shilingi 625. Kwa familia ya kundi la tano ni asilimia 12 tu ya zile 5,000. Vijitabu vya yuniti za fani, zenye wanafunzi 30, havipangwi ukutani.

Sasa tuchukue sheria halisi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 inaiagiza serikali kuingiza mafunzo kuhusu sababu, njia za maambukizi na kinga katika masomo yanayofundishwa kuanzia shule za msingi hadi taasisi za elimu ya juu. Ni mfano ulio wazi zaidi nchini wa Bunge kugusa yaliyomo katika masomo ya chuo kikuu. Wengi waliopita vyuo vya umma wanakumbuka matokeo yake kwa sura ya yuniti kamili, yenye mtihani wake.

Lakini sheria inazungumzia kuingiza mafunzo ndani ya masomo. Haisemi kila chuo kianzishe yuniti ya saa 42. Tofauti ya njia hizo mbili inapimika. Ukiingiza mihadhara 2 ya saa 3 ndani ya yuniti iliyopo, umetumia saa 6 kati ya 2,016, yaani asilimia 0.3. Ukifungua yuniti nzima, umetumia asilimia 2.1. Ni mara 7. Kwa bei yetu ya mfano, ya kwanza ni takriban shilingi 1,786 kwa mwanafunzi, ya pili 12,500. Pengo la shilingi 10,714 halikuandikwa na mbunge yeyote. Liliingia wakati agizo lilipogeuzwa kuwa mtaala, na hapo ndipo uchunguzi ungepaswa kuanzia.

Mtetezi wa yuniti atasema: tazameni maambukizi. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2003 ulikuta asilimia 6.7 ya watu wazima wana virusi. Ule wa KENPHIA wa 2018 ulikuta asilimia 4.9. Kushuka kupo. Ila nambari ya kwanza inahusu umri wa miaka 15 hadi 49, ya pili miaka 15 hadi 64, kwa hivyo hata kutoa moja kwa nyingine kunahitaji tahadhari. Kisha kati ya miaka hiyo kuna dawa za kurefusha maisha, upimaji, tohara ya hiari na vifo vya wagonjwa wa mwanzo. Sehemu ya yuniti ya chuo kikuu katika tofauti hiyo ya pointi 1.8 haiwezi kutolewa kwenye nambari hizi. Anayesema yuniti ilisaidia na anayesema haikusaidia wote wawili wanasema bila kipimo.

Hadi hapa nimetumia gharama ya wastani, yaani bei ya shahada ikigawanywa sawa kwa yuniti zote. Ni njia rahisi, na inadanganya. Karo hailipwi kwa yuniti. Inalipwa kwa mwaka. Chuo kikifuta yuniti moja ya lazima kesho asubuhi, ankara ya mwanafunzi haitapungua hata senti. Mfano wa karibuni uko upande wa pili wa hesabu hiyo hiyo: mwaka 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kupunguza karo za vyuo vikuu kwa kati ya asilimia 15 na 40, na idadi ya yuniti haikuguswa. Bei ilisogea, masomo yakabaki. Hiyo inatosha kuonyesha kwamba kamba inayofunga bei na yaliyomo ni legevu kuliko tunavyodhani.

Kipimo cha pili, na kwa maoni yangu kilicho bora, ni gharama ya nyongeza: fedha ambazo chuo kinatumia kwa sababu yuniti hiyo ipo, na ambazo kisingezitumia kama isingekuwapo. Yuniti za lazima hufundishwa kwa makundi makubwa, fani zikichanganywa ukumbini. Chukua darasa la wanafunzi 400 na mhadhiri wa muda anayelipwa shilingi 2,000 kwa saa. Kiwango hicho ni cha kukisia, na wahadhiri wa muda watasema kwamba kulipwa kwenyewe huchukua miezi. Saa 42 ni shilingi 84,000. Gawa kwa 400: shilingi 210 kwa mwanafunzi.

Weka nambari mbili pamoja. Kwa wastani, darasa hilo lina thamani ya shilingi milioni 5 katika vitabu (400 mara 12,500). Kwa nyongeza, limemgharimu mwajiri shilingi 84,000. Uwiano ni asilimia 1.7. Utasema nimesahau kusahihisha mitihani, umeme, usafi, ukumbi, ofisi ya msajili. Sawa, zidisha mara 5: shilingi 420,000, au 1,050 kwa mwanafunzi. Bado ni asilimia 8.4 ya ile milioni 5.

Asilimia 91.6 iliyobaki haikuibwa na mtu. Inakwenda kwenye maabara. Yuniti ya mwaka wa tatu ya uhandisi wa umeme yenye wanafunzi 25, fundi wa maabara, vifaa vinavyoungua na mhadhiri wa kudumu mwenye shahada ya uzamivu inatumia zaidi ya shilingi 12,500 kwa kichwa, na lazima kipatikane cha kuziba. Ndani ya chuo kikuu, ukumbi wa watu 400 hulisha maabara ya watu 25. Kwa msimamizi wa fedha, yuniti ya lazima ni kitega uchumi kizuri kuliko vyote alivyonavyo: wateja ni wa hakika, gharama ni ndogo, na hakuna anayeweza kukataa kununua.

Hapo ndipo mjadala wa kawaida unapopotoka. Wanaotaka yuniti za lazima zipunguzwe husema mwanafunzi ataokoa 12,500. Hataokoa, kwa sababu chuo kitaokoa 1,050 tu na hakina cha kurudisha zaidi ya hapo. Wanaotaka ziongezwe husema ni somo dogo lisilo na gharama. Si kweli pia, kwa sababu shahada ina nafasi 48 tu, na kila inayochukuliwa kwa agizo imetolewa kwenye masomo ya fani au ya hiari. Gharama yake kubwa ni nafasi. Hiyo hailipwi kwa shilingi, ndiyo maana haionekani kwenye ankara.

Kwa kiwango cha taifa: katika mtihani wa KCSE wa 2024, watahiniwa 246,391 walipata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo mlango wa shahada. Wote wakiingia chuo kikuu, na wote wakitakiwa kusoma yuniti moja mpya ya lazima, gharama ya wastani ni shilingi 3,079,887,500 kwa kundi hilo moja. Nambari hiyo ingefanya kichwa kizuri cha habari. Kwa gharama ya nyongeza, tukitumia ile 1,050, inashuka hadi shilingi 258,710,550. Zote mbili ni sahihi kwa masharti yake, na zinapishana kwa shilingi bilioni 2.8. Mwaka huo huo mmoja, yuniti hiyo hiyo. Msomaji akikutana na moja bila nyingine, aulize ni ipi aliyofichwa.

Sheria inaweza kubana zaidi ya yuniti moja. Baraza la Elimu ya Sheria, linalofanya kazi chini ya Sheria ya Elimu ya Kisheria ya 2012, linataka kila shahada ya sheria iwe na masomo 16 ya msingi: mikataba, madhara, jinai, ushahidi, katiba, utawala, mali, amana na usawa, familia na mirathi, kampuni, biashara, kazi, sheria ya kimataifa na kadhalika. Kwa shahada yetu ya yuniti 48, kama kila somo ni yuniti moja, 16 ni theluthi moja. Ongeza yuniti 4 za lazima za chuo chenyewe, na 20 kati ya 48 zimekwisha kuamuliwa kabla mhadhiri wa Mombasa hajafungua kinywa. Ni asilimia 41.7.

Kwa mkazi wa Kisiwani Mombasa, la kuvutia ni lisilokuwemo. Kifungu cha 170 cha Katiba kinatambua mahakama za Kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, hali ya mtu na mirathi kati ya Waislamu wanaoridhia kwenda huko. Nyumba za Majengo na Mji wa Kale hugawanywa kwa warithi wanane, kumi, kila mmoja na fungu lake la sehemu ya ishirini na nne, na wakili asiyejua hesabu ya mafungu hayo hana msaada kwa mteja wake. Sheria ya Kiislamu haimo kama somo linalojitegemea kati ya yale 16. Chuo kinaweza kuifundisha, lakini kwa nafasi moja kati ya 28 zilizobaki, ikishindana na sheria ya bahari, ya kodi na ya mazingira. Orodha haikuikataza. Iliiacha kwenye foleni, na hiyo ni njia ya kupunguza somo ambayo haihitaji neno "marufuku" mahali popote.

Marekani wamekwenda kwa njia ya wazi zaidi. Sheria ya jimbo la Florida ya 2023, iitwayo SB 266, inazuia kozi za msingi za vyuo vya umma kupotosha matukio makubwa ya historia, kufundisha siasa za utambulisho, au kujengwa juu ya nadharia kwamba ubaguzi wa rangi na ukandamizaji vimo ndani ya taasisi za nchi hiyo kwa asili yake. Januari 2024 bodi ya vyuo vikuu vya jimbo iliitoa kozi ya utangulizi wa sosholojia katika orodha ya kozi za msingi, na kozi ya historia ya Marekani ikaingia. Shahada huko ni krediti 120, za msingi 36, yaani asilimia 30. Kozi moja ya krediti 3 ni asilimia 2.5, karibu sawa na yuniti yetu moja ya asilimia 2.1.

Sosholojia haikupigwa marufuku. Inaweza kusomwa kwa hiari. Lakini rudi kwenye ukumbi wa 400. Tuseme idara ilikuwa na wanafunzi 1,000 kwa mwaka waliochagua kozi hiyo kwa sababu imo kwenye orodha, na baada ya kutolewa wanabaki 400. Kwa madarasa ya watu 100, madarasa 6 kati ya 10 yamefungwa, na kazi za waliokuwa wakiyafundisha zimo hatarini. Kozi ya asilimia 2.5 ya shahada ya mwanafunzi inaweza kuwa asilimia 60 ya mzigo wa kozi hiyo kwa idara. Mbunge anayetaka kupunguza somo bila kulitaja kwa ubaya anajua pa kukata: kwenye orodha ya lazima, si kwenye maktaba.

Texas nayo ina msimamo mkongwe wa kuongeza: sheria ya jimbo inadai krediti 6 za historia na 6 za serikali kwa kila shahada ya chuo cha umma. Krediti 12 kati ya 120 ni asilimia 10. Kwa mizani yetu hiyo ni karibu yuniti 5. Kenya haina sheria ya kuzuia mada kama ya Florida, na Kifungu cha 33 cha Katiba kinataja uhuru wa taaluma kwa jina. Udhibiti hapa hupitia kibali: programu isiyoidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu haiwezi kufundishwa.

Mara moja katika eneo hili bei ya mafunzo ya lazima iliandikwa ndani ya agizo lenyewe, kwa nambari. Mwaka 1966 serikali ya Tanzania iliamua kwamba wahitimu wa elimu ya juu watatumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa karibu miaka 2: miezi 5 kambini, kisha miezi 18 kazini wakilipwa asilimia 40 ya mshahara. Hesabu yake haina kificho. Miezi 18 mara asilimia 60 iliyokatwa ni mshahara wa miezi 10.8. Wanafunzi waliipiga hesabu hiyo hiyo, wakaandamana Oktoba 22, na takriban 400 wakafukuzwa. Nyerere siku hiyo alijikata mshahara wake kwa asilimia 20. Ukitaka kulinganisha kwa makini, asilimia 60 kwa miezi 18 na asilimia 20 bila kikomo hukutana mwezi wa 54.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Chuo cha Dar es Salaam kilichukua njia ya darasani: kozi ya pamoja kwa wanafunzi wa fani zote, na mwaka 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Taaluma za maendeleo zimebaki kuwa za lazima huko hadi vizazi ambavyo havikuujua ujamaa. Sina habari ya maandamano juu ya saa zake. Si ajabu: saa za darasani hazikatwi kwenye hundi ya mshahara. Kenya ilijaribu kambi pia, kuanzia 1984, ilipowataka waliochaguliwa kwenda chuo kikuu wapitie kwanza mafunzo ya miezi 3 ya Huduma ya Vijana kwa Taifa. Mpango huo ulikwisha 1990, mwaka ambao vyuo vilipokea kundi la kwanza la mfumo wa elimu wa 8-4-4. Miezi 3 ya mtu ni sawa na karibu muhula mmoja, yaani yuniti 6 za leo. Kambi ilifutwa, ukumbi wa 400 ukabaki, na ukilinganisha gharama ya chakula, mahema na wakufunzi na ile ya shilingi 84,000 kwa darasa, sababu haihitaji kutafutwa mbali.

Kwa muswada ujao wa aina hii, maelezo ya fedha yangeweza kuongezewa nambari nne: saa zinazodaiwa kwa mwanafunzi mmoja, idadi ya nafasi zinazobaki wazi katika shahada baada ya agizo, sehemu ya familia kwa kila kundi la ufadhili, na gharama ya nyongeza kwa chuo. Mbili za kwanza ziko kwa msajili. Ya tatu ni kuzidisha tu. Ya nne iko katika vocha za malipo ya wahadhiri wa muda, zikishalipwa.